Kazi ya maji ipo Moba, nafasi ya kazi ndiyo haipo

Ukiwa Kirungu, ukitazama chini upande wa bandari, unaona Ziwa Tanganyika limetanda mpaka macho yanachoka. Lina kina cha mita 1470, na duniani kote linazidiwa na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Nyuma yako kuna milima ya Marungu, inakotoka mito ya Mulobozi na Lufuko. Mgeni anaweza kudhani kwamba Moba hakuna anayelia shida ya maji. Mama anayebeba bidoni kila asubuhi anajua vingine.

Pwani yetu, kuanzia Uvira kupitia Kalemie mpaka huku, inahesabiwa kati ya sehemu za Kongo ambako kolera haikatiki. Watu wanafua, wanaoga na wanachota mahali pamoja. Ziwa linapopanda, kama lilivyopanda mwaka 2024, linaingia mpaka nyumbani na vyooni, na kisima kifupi kilicho karibu na choo kilichofurika hakiaminiki tena. Kwa hiyo wakaaji wengi wa teritware ya Moba wanabaki na njia mbili za kupata maji salama: chemchemi za milimani na maji yaliyo chini ya ardhi. Elimu ya maji hayo inaitwa hidrojeolojia, na inafundishwa ndani ya jeolojia, hapa hapa Kongo. Swali letu ni hili: kijana wa Moba aliyeisoma atapata kazi wapi?

Jibu la haraka ni kwamba hataipata Moba. Vijana wa Tanganyika wanaomaliza jeolojia Lubumbashi wanatazama Kolwezi na Likasi, na siku hizi wanatazama pia Manono kwa sababu ya lithiamu. Hatuwalaumu. Mzazi aliyeuza ng'ombe wa Pepa kulipa masomo anataka kuona mshahara, na kampuni ya migodi inalipa mwisho wa mwezi.

Na huko migodini, elimu ya maji ya chini ina bei nzuri. Chimbo la shaba likishuka chini ya usawa wa maji, lazima mtu ajue maji yanaingia kutoka wapi, ni mengi kiasi gani, na pompa ngapi zitayatoa. Mwaka 2011 pompa kubwa za mgodi wa Kipushi zilikufa, mgodi ukajaa maji. Ilichukua miaka kuyatoa, na uzalishaji ulirudi mwaka 2024 tu. Hakuna kampuni inayotaka hasara kama hiyo, ndiyo maana inamlipa mtaalamu. Kwa hiyo kijana wetu analipwa vizuri kutupa maji katika Katanga ya Juu na Lualaba, huku kwao mama anayatafuta kwa miguu.

Je, Moba hakuna kazi ya kumfanyisha? Ipo nyingi. Mawe ya Marungu ni ya zamani sana na ni magumu. Jiwe la namna hiyo halihifadhi maji kama mchanga. Maji yanakaa kwenye nyufa zake na kwenye tabaka la juu lililooza. Unaweza kuchimba foraji mahali ukapata maji ya kutosha kijiji kizima, kisha ukasogea mita 30 ukatoboa jiwe kavu mpaka fedha ziishe. Pwani mambo ni tofauti: kuna mchanga na udongo ulioletwa na mito, maji yako karibu, lakini na uchafu uko karibu. Mtaalamu anaanza na ramani na picha za setilaiti kutafuta mistari ya nyufa. Kisha anatembea, anauliza wazee ni mto gani haukauki kiangazi, anapitisha umeme ardhini kupima ni wapi mwamba una maji. Wakati wa kuchimba anasimama pale, anaangalia kila udongo unaotoka. Foraji ikiisha, anaivuta kwa pompa saa nyingi mfululizo kuona maji yanashuka kiasi gani na yanarudi kwa haraka gani, halafu anapeleka sampuli kupimwa. Mara nyingine, na hasa Marungu, baada ya kutazama atasema: msichimbe hapa, tengenezeni chemchemi ile na mshushe maji kwa bomba, mlima wenyewe utafanya kazi ya pompa. Neno hilo moja linaweza kuokoa bei ya foraji nzima.

Ndilo neno ambalo mfumo wetu wa sasa haupendi kulisikia. Maji yetu ya vijijini yanakuja kwa mradi. Mradi una miezi sita au kumi na miwili, una idadi ya visima vilivyoahidiwa, na una picha ya siku ya kufungua. Aliyechimba analipwa kwa shimo. Utafiti unaonekana kama matumizi yanayoweza kupunguzwa, na ukifanyika, karatasi zake zinaondoka na shirika. Mradi mwingine ukija baada ya miaka mitatu unaanza tena kama kipofu katika kijiji kile kile. Kila anayetembea njia za teritware zetu ameona pompa zilizonyamaza, watoto wamezigeuza mahali pa kuchezea. Tunapenda kusema zimeharibika. Nyingine zinavuta mahali ambapo hapakuwa na maji ya kutosha tangu siku ya kwanza.

Mambo haya si ya Moba peke yake. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, liliandika kwamba Kongo ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika, na wakati huo huo watu wake wapatao milioni 51 hawakuwa na maji safi ya kunywa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, serikali ilitia sahihi mkataba wa karibu dola milioni 400 wa kujenga vituo vya maji katika sehemu 1000 za nchi. Wote tunakumbuka kelele za mwaka 2024 juu ya bei ya kila kituo. Bei ilistahili kujadiliwa, na wakaguzi walifanya kazi yao. Lakini katika mjadala ule wote, ni nani aliuliza jina la mtaalamu aliyethibitisha kwamba chini ya kila sehemu kuna maji, na kwamba yanafaa kunywewa?

Kenya swali hilo linaulizwa na sheria. Anayetaka kuchimba kisima kirefu anapaswa kuipelekea mamlaka ya maji ripoti ya uchunguzi, iliyofanywa na mtaalamu wa maji ya chini aliyesajiliwa. Bila ripoti hiyo hapati ruhusa. Sharti hilo moja limewapa watu wengi kazi. Na Kenya hiyo hiyo imeonja hatari ya kufurahi mapema: mwaka 2013 ulimwengu uliambiwa kwamba bahari ya maji imeonekana chini ya Lotikipi, Turkana, kwa msaada wa picha za setilaiti. Visima vya majaribio vilipopimwa baadaye, maji yalionekana yana chumvi nyingi mno. Picha kutoka angani haikutosha; ilibidi mtu aende kupima.

Sisi tunayo Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji, na inayapa majimbo nafasi kubwa katika huduma hiyo. Jimbo la Tanganyika halihitaji kusubiri Kinshasa ili kuamua kwamba hakuna foraji ya fedha za umma au za msaada itakayochimbwa bila utafiti wenye jina na sahihi ya mtaalamu, na kwamba nakala ya karatasi za kila foraji, yaani kina, tabaka za ardhi, wingi wa maji na majibu ya maabara, itabaki Kalemie. Mtu wa kuzipokea, kuzisoma na kuzikataa zikiwa mbovu ndiye mfanyakazi wa kwanza tunayemtaka. Mmoja wa kuanzia, mwenye pikipiki na chombo cha kupimia. Hizo si gharama za kutisha kwa jimbo linaloomba maji kila mwaka.

Mashirika nayo tunayaambia waziwazi: mkimleta mtaalamu kutoka mbali kwa wiki mbili, mpeni kijana wa hapa atembee naye na kubeba chombo, jina lake liandikwe kwenye ripoti. Matangazo yenu yanadai uzoefu wa miaka mitano. Kijana ataupata wapi kama kila mradi unamkataa kwa sababu hana?

Kwa vijana wenyewe, msitafute tangazo lenye neno hidrojeolojia, mtazeeka. Kazi hiyo mara nyingi imejificha chini ya majina mengine: msimamizi wa maji na usafi, injinia wa maji, fundi wa foraji. Soma kazi inayoelezwa chini ya jina. Jiandikishe ONEM, hata kama wenzako wanacheka. Fuata mikutano ya mashirika ya maji na usafi pale Kalemie, maana huko miradi inasikika kabla haijatangazwa. Ukipata migodi kwanza, nenda, jifunze kupima na kuandika ripoti, kwa sababu ujuzi wa kutoa maji chimboni ndio ule ule wa kuyatafuta kijijini. Na kabla hujaondoka Moba, zunguka na daftari, uandike chemchemi na visima vya kwenu, uliza lini vinakauka. Daftari kama hilo litasomwa kwa makini na yeyote anayekuja kuchimba.

Kikao cha Septemba cha bunge la jimbo ndicho cha bajeti. Wabunge waliochaguliwa Moba wanajua njia ya Kalemie. Shirika la raia lisiwaulize mwaka huu wataleta foraji ngapi. Liwaulize kama mshahara wa mtaalamu mmoja wa maji ya chini ya ardhi umeandikwa katika bajeti hiyo, na katika ukurasa gani.