Tugombane, Lakini Daftari Likiwa Wazi



Ipo lawama inayosikika katika Kitui na Makueni, nayo hutolewa hata na watu wema: kwamba tangu wananchi waanze kujichagulia kamati zao za maendeleo, vijiji vimekuwa viwanja vya magomvi. Mwenyekiti hasemezani na katibu. Wajumbe wawili hususia kikao kwa sababu kisima kimechimbwa ng'ambo ya pili ya mto. Kamati hugawanyika kwa mbai, ukoo dhidi ya ukoo, na mradi hukaa mwaka mzima bila sahihi. Basi watu hao wema hukata shauri kwamba enzi ya chifu ilikuwa afadhali, maana neno lilikuwa moja na kazi ikaenda.

Hatuwezi kuliacha dai hilo lipite bila kujibiwa.

Neno lilikuwa moja kwa sababu msemaji alikuwa mmoja. Mpango wa maendeleo ya wilaya wa 1983 uliahidi kuwapa wananchi sauti, lakini kamati zake ziliketi chini ya Mkuu wa Wilaya, na mwenye maoni tofauti aliitwa mpinga maendeleo. Mwaka 1986 KANU ilipoleta kura ya mlolongo, wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa waliipinga. Mwaka 1988 watu walipangwa foleni nyuma ya wagombea hata hivyo, na mahali pengine foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo ndefu. Ugomvi ulikuwepo siku zote hizo. Ulikosa tu kikao cha kusemewa. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, jambo la kwanza tulilolipata lilikuwa ruhusa ya kutofautiana hadharani, na ni ajabu leo kuisikia ruhusa hiyo ikitajwa kana kwamba ni maradhi.

Hata hivyo, upo ugomvi usiostahili kutetewa na mtu yeyote, na watu wa Makueni wanaujua vyema. Gavana wao wa kwanza, Kivutha Kibwana, profesa wa sheria na mmoja wa vinara wa NCEC iliyodai mageuzi ya katiba mwaka 1997, alikosana na bunge la kaunti muda si mrefu baada ya uchaguzi wa 2013. Kiini kilikuwa bajeti, hasa fedha za kutengewa bunge lenyewe na namna ya kuzitumia. Pande zote mbili zilichaguliwa na watu wale wale, siku ile ile, katika vituo vile vile. Kila upande ukadai kwamba wenyewe ndio sauti ya wananchi. Tarehe 23 Septemba 2014 mzozo ukafikia bunduki. Katika vurugu zilizozuka kwenye majengo ya bunge la kaunti, watu kadhaa walijeruhiwa kwa risasi, akiwemo afisa wa ngazi ya juu katika ofisi ya gavana. Haya yalitendeka katika kaunti ambayo mvua haina ahadi na akina mama hutembea mwendo mrefu wakitafuta maji.

Wananchi wakashika kalamu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 huwaruhusu wapiga kura kumwomba Rais aisimamishe serikali ya kaunti yao, na Kifungu cha 192 cha Katiba kinaeleza njia yenyewe: tume huru ichunguze, Rais aridhike kwamba tuhuma zina msingi, Seneti itoe idhini, kisha serikali isimamishwe kwa muda usiozidi siku 90 na uchaguzi mpya ufuate. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga iliketi mwaka 2015, ikawasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa.

Wengi walivunjika moyo. Sisi tunaona kwamba, nia ya Ikulu iwe ilikuwa gani, kukataa huko kuliwafaa wananchi. Kuisimamisha kaunti kungewapa waliokosa na wasiokosa adhabu moja, tena kungemrudisha Nairobi kuwa mwamuzi wa nyumba ambayo sisi wenyewe tulipigania iwe na mlango wake. Kilichotokea ni kwamba wajumbe walibaki mbele ya macho ya waliowachagua. Agosti 2017 gavana alirudishwa, na wengi mno wa wajumbe wa bunge lile hawakurudi. Hukumu ilichelewa, lakini ilitolewa na wenye haki ya kuitoa, wadi kwa wadi, mjumbe mmoja mmoja.

Kitui nako hakukukosa visa vyake. Hoja ya kumwondoa Gavana Charity Ngilu mwaka 2020 iliishia kubishaniwa mahakamani.

Tumeyakumbusha hayo kwa sababu ugomvi wa kijiji ni ule ule, ila una sifuri chache. Makueni ilijenga utaratibu ambao wananchi huchagua kamati kuanzia kijijini hadi ngazi ya kaunti, na mradi hupewa kamati yake ya usimamizi. Mkandarasi asilipwe mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanyika: ndio utaratibu. Sahihi hiyo ni nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu ambaye jana aliuza maembe kando ya barabara, leo anaweza kuyazuia malipo ya mamilioni.

Mkandarasi anajua. Hamfuati mjumbe kikaoni. Humfuata jioni, nyumbani, na bahasha, au humwahidi mwanawe kazi ya ulinzi kwenye mradi. Mjumbe wa pili akipata habari, hagombi kwa ajili ya ufa ulio katika ukuta wa zahanati. Hugomba kwa kuwa bahasha haikufika kwake. Sisi tulio nje tunaambiwa ni mambo ya mbai, tunatikisa vichwa na kuleta wazee wapatanishe. Tungeuliza kwanza saruji iliingia mifuko mingapi.

Wakili mjanja atasema kwamba Sura ya Sita ya Katiba, inayotaka kiongozi asichanganye maslahi yake na ya umma, inawahusu maafisa wa serikali na haimgusi mjumbe wa kamati ya kijiji. Huenda akashinda hoja hiyo mahakamani. Asiruhusiwe kushinda nayo chini ya mwembe, mahali kamati ilipochaguliwa. Wapiga kura wa kijiji wanaweza kuweka masharti yao siku ya uchaguzi: mjumbe ambaye ndugu yake anaomba kandarasi aseme hivyo, atoke nje wakati wa uamuzi, na kutoka kwake kuandikwe. Hoja ya aliyeshindwa nayo iandikwe, pamoja na jina lake. Kumbukumbu zisomwe barazani kwa Kikamba, mbele ya watu, na wala zisikae katika mkoba wa katibu. Na tuwe waangalifu sana na kamati inayotaka kumfukuza mjumbe kwa kosa la kukataa kutia sahihi. Mara nyingi huyo msumbufu ndiye macho pekee yaliyosalia.

Tuna neno pia kwa makanisa, kwa heshima. Mwenyekiti wa kamati mara nyingi ndiye mzee wa kanisa, au kiongozi wa jumuiya ndogondogo. Akituhumiwa, mchungaji au padri hukimbilia kuwaita wagomvi faraghani, wakashikana mikono, wakaomba, yakaisha. Ugomvi wa mipaka ya shamba na uamuliwe hivyo. Fedha za zahanati hazikuwa za wagomvi wawili, basi hawana uwezo wa kusameheana kwa niaba ya kijiji. Dhambi asamehewe mtu kanisani. Hesabu aitoe barazani, na mchungaji awe wa kwanza kumsindikiza.

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na wagombea wa wadi watazitafuta kamati hizi, maana mwenye kamati ana mtandao wa nyumba kwa nyumba. Kabla hawajafika, tunayo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa kila raia haki ya kuomba hati zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, nayo ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mkataba wa mkandarasi, makadirio ya gharama na hati ya malipo vyote vimo katika haki hiyo. Tunaomba kila tawi na kila parokia ichague mradi mmoja tu uliokwama kwa ugomvi, iandike barua, ihesabu siku, na ituletee nakala ya jibu, au taarifa ya ukimya.