Moyo mweupe na ahadi ya ndoa

Mchumba anapouliza kama mtu mwenye "moyo mweupe" anaweza kuweka ahadi ya maisha, padre mzee anaweza kudhani anaulizwa habari za usafi wa moyo. Sivyo. Siku hizi swali hilo linatoka kwenye mchoro ulio ndani ya simu.

Mfumo wenyewe huitwa Human Design. Ulianzishwa na mzaliwa wa Kanada aliyejiita Ra Uru Hu, aliyesema kwamba mwaka 1987, katika kisiwa cha Ibiza nchini Hispania, alisikia sauti ikimfundisha kwa siku nane. Unaandika tarehe, saa na mahali ulipozaliwa, kisha programu inakuchorea umbo la mtu lenye vituo tisa: kichwa, koo, moyo, wengu na vinginevyo. Ndani yake umechanganywa unajimu, alama 64 za I Ching, kitabu cha kale cha Wachina, Kabala ya Kiyahudi na chakra za Wahindi. Ni pilau la dini za watu, na kila kiungo kimeng'olewa shambani kwake.

Kituo kilichopakwa rangi, wanasema, kina nguvu ya kudumu iliyo yako. Kilichobaki cheupe hakijaainishwa: hapo unapokea nguvu za watu walio karibu nawe, unazikuza, na mwisho unadhani ni zako.

Tuwe wa haki. Hali hiyo ya kubeba ya wengine ipo kweli. Wako watu wanaoingia katika nyumba yenye ugomvi wakatoka na hasira ambayo hawakwenda nayo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliandika kanuni za kupambanua roho kwa sababu aliona moyo wa mtu hupokea mambo mengi yasiyo yake. Alitufundisha kuuliza: mwendo huu wa moyoni umetoka wapi, na unanipeleka wapi? Swali hilo huulizwa leo katika sala, na kesho huulizwa tena. Mchoro hauulizi chochote. Kwake jibu limeshafungwa tangu saa uliyozaliwa.

Hapo ndipo Mtakatifu Augustino, aliyewahi kuwasikiliza sana wanajimu, aliposhtuka. Katika kitabu cha saba cha Maungamo anasimulia alichoambiwa na rafiki yake Firmino. Huyu alizaliwa wakati uleule na mtoto wa mtumwa katika nyumba ya rafiki wa baba yake, na nyota zao zikasomwa kuwa zilezile. Firmino akakulia katika mali na heshima. Mwenzake akabaki mtumwa. Katekisimu, namba 2116, inaukataa unajimu na kila namna ya uaguzi, maana ndani yake mna tamaa ya kuutawala wakati, badala ya kumwachia Mungu yaliyo yake.

Lakini turudi kwa wachumba wetu. Katika mfumo huu kituo cha moyo ndicho cha utashi, na ambaye chake ni cheupe hushauriwa asitoe ahadi wala asihangaike kuthibitisha thamani yake, kwa kuwa hana utashi wa kutegemewa. Nusu ya ushauri huo ni nzuri. Hatuna haja ya kujithibitisha mbele ya Mungu anayetupenda, na sisi mapadre tungehubiri hilo mara nyingi zaidi kuliko tunavyohubiri michango. Nusu ya pili ndiyo inayomnyima kijana ndoa yake.

Kama ahadi ni za wenye utashi usiotikisika tu, basi tufunge ofisi za parokia. Petro aliapa kwamba hatamwacha Bwana, na kabla jogoo hajawika alikuwa amemkana mara tatu. Kando ya ziwa, Bwana hakumpima nguvu. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo. Anayepewa Daraja ya Upadre, anapoulizwa ahadi zake, anataja msaada wa Mungu katika kujibu. Wanandoa nao wanaahidiana mbele ya mashahidi na jumuiya, na Kanisa linawaombea Roho Mtakatifu, kwa sababu linajua hawatayaweza peke yao. Pale palipo peupe ndipo mume anapomhitaji mke, mke akamhitaji mume, na wote wawili wakaihitaji neema.

Je, wapo ambao kweli hawawezi kuahidi? Wapo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1095, inatambua kwamba kuna watu wasioweza kubeba wajibu wa msingi wa ndoa kwa sababu za kisaikolojia. Lakini hilo hujulikana kwa kuyatazama maisha ya mtu, kwa subira na kwa msaada wa wataalamu. Kuna pia sababu za kawaida kabisa za kusubiri: ulevi, deni lililofichwa, mtoto ambaye hajatajwa, shinikizo la wazazi, au wachumba ambao hawajafahamiana vya kutosha. Hayo ndiyo tunayouliza ofisini, na ndiyo wachumba wanayopaswa kuulizana.

Mwenye hofu aje amwone paroko wake kabla matangazo ya ndoa hayajasomwa mara ya kwanza. Bado kuna nafasi ya kuzungumza, na hata ya kuahirisha.