Sindano ya kinga ya VVU: Wanawake wametimiza wajibu wao, serikali je?

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi mwanamke wa Afrika ametajwa katika habari za Ukimwi kama mwathirika tu. Takwimu zinatisha kweli. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kupambana na Ukimwi (UNAIDS) lilieleza kuwa mwaka 2022, wasichana na wanawake 3,100 wenye umri wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa VVU kila wiki katika nchi zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara.

Hata hivyo, kinachosahaulika ni kwamba silaha mpya dhidi ya maambukizi hayo imepatikana kwa jasho la wanawake wenyewe.

Mwaka 2010, Profesa Quarraisha Abdool Karim na wenzake wa kituo cha CAPRISA, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya jeli ya ukeni yenye dawa ya tenofoviri. Kati ya wanawake 889 wa KwaZulu-Natal walioshiriki, maambukizi yalipungua kwa asilimia 39. Utafiti mwingine uliotoa matokeo mwaka 2015 haukuthibitisha mafanikio hayo, kwani wengi hawakuweza kuitumia jeli kila ilipohitajika.

Funzo lilikuwa wazi: kinga inayomtaka msichana aifiche na kuikumbuka kila mara haitoshi.

Jibu lilipatikana Julai 2024. Profesa Linda-Gail Bekker wa Cape Town aliwasilisha mjini Munich, Ujerumani, matokeo ya sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda wenye umri wa miaka 16 hadi 25 ndio waliojitolea. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kila siku vya aina iliyozoeleka, 16 waliambukizwa. Waliopata ujauzito hawakulazimika kuacha dawa hiyo, jambo ambalo wanaharakati wanawake walilidai kwa miaka mingi.

Baada ya maabara, vita vilihamia kwenye bei. Marekani iliidhinisha sindano hiyo Juni 2025 kwa bei ya dola 28,218 kwa mwaka. Mkurugenzi Mtendaji wa UNAIDS, Winnie Byanyima wa Uganda, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kutaka ishushwe. Septemba 2025 ilitangazwa kuwa kuanzia mwaka 2027 dawa mbadala itauzwa kwa takriban dola 40 kwa mwaka katika nchi maskini na za kipato cha kati.

Tatizo ni kwamba hata dola 40 zinahitaji mlipaji. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake. Iliporuhusu sehemu ya huduma kuendelea, dawa za kinga zilibakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Msichana asiye na mimba, ambaye ndiye aliyelengwa na utafiti, aliachwa nje.

Hapo ndipo serikali za Afrika zinapopimwa. Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, lengo ambalo nchi nyingi hazijalifikia. Watafiti, wanaharakati na wasichana waliojitolea wamekwishatimiza wajibu wao. Sindano iliyothibitishwa kwa miili ya mabinti wa Afrika haipaswi kuwakosa mabinti hao hao kwa sababu ya bajeti.