Ofisi Inayokumbuka Neno Lako la Siri

Wenzangu wanafunzi, na ninyi ndugu zetu mliomaliza zamani, nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulishukuru, nami naliogopa. Mwezi uliopita ofisi moja hapa Kampala, ambayo sitaitaja, ilimwandikia rafiki yangu neno lake la siri alilokuwa amelisahau. Akafurahi sana. Mimi naona ilimpasa kukasirika.

Ofisi yenye akili hailiweki neno lako, hulisaga. Sote twala posho, na twajua kwamba unga haurudi kuwa punje. Basi iko hesabu iitwayo heshi, ifanyayo vivyo hivyo kwa maneno. Heshi ya SHA-256 hupokea neno lo lote, refu au fupi, na kutoa alama 64. Badili herufi moja tu, nawe utapata unga mwingine kabisa. Ukija kesho na neno lako, kompyuta hulisaga tena na kulinganisha unga na unga. Hivyo hukutambua bila kuiweka siri yako. Ukisahau, hukuachia uweke neno jipya, basi.

Wazo hili si geni. Roger Needham alilitumia Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Marekani walieleza habari ya kutia chumvi (ndivyo waiitavyo hasa): tarakimu za kubahatisha huchanganywa na kila neno kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye neno moja wasipate unga mmoja. Tena kinu kiwe kizito. SHA-256 peke yake husaga upesi mno, na upesi huo humfaa mwizi anayejaribu maneno kwa mamilioni. Bcrypt, ya mwaka 1999, ilifanywa nzito kwa makusudi.

Wasiosaga walikiona. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, yote wazi. Lililopendwa kupita yote lilikuwa 123456, na neno kama hilo hata chumvi hailiokoi!

Wako watakaosema ofisi zetu hazina fedha. Sikubali. Programu hizi hutolewa bure, na tangu mwaka 2019 Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha, inayomtaka mwenye kuweka habari za watu azilinde.

Rafiki yangu amekwisha badili neno la barua pepe yake, maana lilikuwa lile lile. Barua ya kuiuliza ofisi kama wanasaga au hawasagi tutaipeleka Jumatatu.