Nani Alimwangusha Liyongo?



Kuna neno tunalisikia sana siku hizi: "Si mimi, niliponzwa." Kijana kakamatwa na magendo pale mpakani, ukimuuliza anasema marafiki walimponza. Afisa naye anaandika kwenye fomu "alishawishiwa," anafunga faili. Sisi tunasema faili hilo lisifungwe haraka hivyo. Tuangalie kwanza hadithi ya Fumo Liyongo.

Ni hadithi ya pwani, upande wa Pate na Lamu kule Kenya, na Muhamadi Kijumwa aliiandika kwa utenzi mwaka 1913. Liyongo alikuwa shujaa ambaye silaha hazikumuweza. Mfalme wa Pate alimwogopa, lakini kwa nguvu alishindwa. Ndipo akamwita mwana wa Liyongo, akaahidi kumwoza binti yake kama atamuua baba. Kijana akaenda kumuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumuua. Liyongo alihisi kabisa kwamba mwanawe ametumwa na anadanganywa. Bado akamwambia: sindano ya shaba, nikichomwa kitovuni.

Sasa nani kamwangusha Liyongo? Wengi watajibu haraka: mfalme. Kweli, bila ahadi yake mpango huo usingekuwepo. Lakini mfalme hakushika sindano. Tena kijana hakuchoma mara moja. Alijaribu, akaogopa, akaacha, mpaka mfalme akamtumia barua ya kumharakisha, eti huku harusi iko tayari. Hapo ndipo jibu letu lilipo. Mkono unaotetemeka ni mkono unaojua. Kila siku aliyoahirisha ilikuwa siku ya kuacha kabisa. Hata Liyongo ana lake, maana aliiona hatari akaifungulia mlango. Na yule binti aliyeahidiwa, kijana hakumpata.

Wenzetu mnaosoma Macbeth shuleni mnalijua jambo hili. Wachawi watatu waliwatabiria Macbeth na Banquo mahali pamoja. Hawakumwambia yeyote aue. Mmoja akamuua mfalme wake, mwenzake hakuua.

Mbona tunaandika haya Bwera? Kwa sababu tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Serikali ilisema ni ADF. Kundi hilo linapata watu kwa njia zaidi ya moja. Kuna wanaotekwa, wengine wakiwa watoto. Kuna wanaovutwa kwa ahadi ya kazi, masomo au pesa. Tusiwachanganye, jamani. Mtoto aliyeburutwa porini hakuchagua kitu. Aliyeahidiwa kazi akajikuta msituni alidanganywa kweli. Lakini aliyejua anakwenda kufanya nini, akapewa muda wa kufikiri, akaendelea, huyo hawezi kujificha nyuma ya aliyemtuma.

Mtatuambia njaa. Njaa tunaijua, hatuhitaji kuelezwa. Inasukuma kwelikweli. Lakini tuko wengi tuliosukumwa na njaa hiyo hiyo, na wengi tumekataa.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, mkituandika kila mara kama watu wa kushawishiwa tu, mnatunyima heshima. Mtu asiyehesabiwa kosa hawezi kuhesabiwa sifa siku anapokataa. Tuulizeni pia tuliamua nini, na kwa nini. Na anayepita akigawa ahadi kwa vijana msimsahau. Lawama si mgao wa unga, kwamba huyu akichukua nyingi mwenzake atabaki na kidogo. Anayetuma ana yake nzima, anayetenda ana yake nzima.

Na sisi vijana, tukiahidiwa kitu kikubwa kwa kazi ya siri, tuangalie mkono wetu. Ukianza kutetemeka, tusingoje barua ya pili. Tumwambie mtu mapema: mama, mchungaji, imamu, kiongozi wa vijana, yeyote tunayemwamini. Wazee walishasema, akili ya kuambiwa, changanya na yako.