Dhahabu ya Macalder: Mbona pesa inabaki kwenye vumbi?

Kila dhahabu ya Migori ikitajwa mitandaoni, maoni ni yale yale: eti vijana wa Nyatike wamekalia utajiri na hawana akili ya kuutumia. Hapo nakataa kabisa. Akili wanayo. Shida ni kwamba tangu ukoloni, anayejua jiwe limebeba nini ni mtu mmoja, na anayeingia shimoni ni mwingine.

Tuanzie chini. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, Macalder ilikuwa sakafu ya bahari. Naam, bahari, Migori. Volkano zililipuka chini ya maji, na chemchemi za maji moto zikatapika madini yaliyoyeyuka. Yalipokutana na ubaridi wa bahari yakaganda na kurundikana: shaba, zinki, chuma na salfa, na humo ndani dhahabu na fedha. Baadaye miamba ikakunjwa na kupasuka, na kwatzi nyeupe yenye dhahabu ikajaza nyufa. Miamba ya aina hiyo ndiyo inayobeba dhahabu ya Geita kule Tanzania.

Wazungu walichimba dhahabu hapo miaka ya 1930. Baadaye shaba ikawa mali kuu, dhahabu na fedha zikitoka pamoja nayo. Mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Wenyeji wakaachiwa mashimo na malundo ya mabaki.

Sasa sikia hii. Mchimbaji mdogo akishasaga jiwe, hutumia zebaki kunasa dhahabu. Lakini zebaki hunasa ile tu inayoigusa. Jiwe la Macalder lina salfa nyingi, na punje nyingine za dhahabu ni ndogo mno, zimefungiwa ndani ya madini ya salfa kama njugu ndani ya ganda. Hizo zinabaki kwenye vumbi. Vumbi hilo ndilo jamaa anauza kwa bei ya kutupa, kisha mwenye mtambo wa sayanidi analiosha na kutoa dhahabu iliyobaki. Hakuna aliyeiba hapo, manake karatasi zote ziko sawa. Ni kwamba mmoja alipima na mwingine hakupima.

Na fedha je? Dhahabu inapotoka ardhini, karibu kila mara huwa imechanganyika na fedha kidogo. Dalali akiiweka kwenye mizani anakata bei, eti si safi. Huo "uchafu" kwa sehemu kubwa ni fedha! Kiwanda cha kusafisha kinaweza kuitoa na kuiuza kivyake. Yaani bana, unalipwa kidogo kwa sababu jiwe lako lina madini mawili ya thamani badala ya moja.

Halafu kuna moshi. Zebaki huchomwa ili ibaki dhahabu, mara nyingine kwenye sufuria jikoni, watoto wakiwa karibu. Mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu, na zebaki ikiingia mwilini mwa mama mjamzito hufika hadi kwa mtoto tumboni. Watu wanavuta sumu hiyo yote kwa ajili ya sehemu tu ya dhahabu iliyo kwenye jiwe.

Kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku na kutuma polisi. Si kweli. Ukifukuza watu mchana watachimba usiku, na shimo la usiku ndilo linaloporomoka watu wakiwa ndani bila mtu kujua. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo, na inasema asilimia 20 ya mrabaha iende kaunti na asilimia 10 kwa jamii. Pesa hizo zingeanza na maabara ndogo ya kupima mawe na mabaki palepale Nyatike, kwa ada ambayo hasla anaimudu. Pili, vyombo vya kunasa mvuke wa zebaki. Hivyo si vya ajabu, fundi wa chuma anaweza kuvitengeneza.

Kuna vijana wetu wenye digrii za jiolojia wanaozungusha CV Nairobi mwaka wa tatu sasa. Wawili tu wakiajiriwa hapo, mchimbaji ataenda kwa dalali akiwa na karatasi inayosema: dhahabu kiasi hiki, fedha kiasi hiki. Siku MCA wa huko akija kuomba kura, aulizwe karatasi hiyo iko wapi kabla hajafika kwenye habari ya barabara.