Bati Halipigi Gitaa

Miongoni mwa mafundi wanaojiundia amplifaya za gitaa nyumbani, hasa Uingereza na Marekani, kuna imani iliyoota mizizi: kwamba chasisi ya alumini huleta sauti tamu na ya wazi, ilhali ya chuma huifanya butu. Imani hiyo haina msingi, nayo inawapotezea wanaoanza fedha na muda.

Chanzo chake kinajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Fender ya Marekani iliuza amplifaya ya Bassman iliyofungwa kwenye chasisi ya chuma. Mwaka 1962, Jim Marshall na wenzake huko Hanwell, magharibi mwa London, waliinakili saketi hiyo karibu yote, wakaiita JTM45, na za mwanzo wakazijenga juu ya alumini. Sauti zilitofautiana. Sifa likapewa bati.

Kwa nini bati? Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 ndani ya kasha lililo wazi nyuma. Marshall ilitumia kasha la pembeni, lililozibwa, lenye spika nne za inchi 12 za Celestion. Valvu ya kwanza ya Bassman ni 12AY7. Ya JTM45 ni ECC83, ambayo uwezo wake wa kukuza mawimbi ni zaidi ya mara mbili. Transfoma nazo zilikuwa za Kiingereza. Kuyaruka yote hayo na kushika bati ni kukataa kutazama. Isitoshe, Marshall wenyewe waliiacha alumini kwa sababu ilipinda kwa uzito wa transfoma, na amplifaya zao nyingi za Super Lead zinazosakwa leo kwa bei kubwa zina chasisi ya chuma.

Wapo pia wanaoshikilia chuma kwa sababu kinazuia mvumo. Hapo pana nusu ya ukweli. Bati la alumini la milimita 2 halizuii usumaku wa hezi 50 kwa kiasi cha maana, lakini chuma huuvuta na kuusafirisha. Transfoma ya umeme ikilazwa juu ya tundu lililokatwa kwenye chuma, usumaku wake unaweza kufika hadi transfoma ya spika. Dawa ni kuzitenga na kuzigeuza zikae pembe mraba. Mvumo wa hezi 100 mara nyingi hutokana na kapasita zilizochoka au ethi iliyofungwa vibaya, na chasisi mpya haitauondoa.

Metali ichaguliwe kwa kazi. Alumini hutobolewa kwa drili ya mkono na ni nyepesi karibu mara tatu, ila inataka unene zaidi chini ya transfoma nzito. Chuma ni kigumu kukata, lakini hakilegei. Chuma cha pua huua keekee bila faida yoyote.

Jambo linalostahili mabishano ni boliti ya ethi. Rangi ikwanguliwe hadi metali ing'ae, kwa alumini pia, kwani ngozi yake ya oksidi haipitishi umeme. Kisha iwekwe washa yenye meno na nati ikazwe. Ndani ya amplifaya hizi hupita volti 400 na zaidi. Kabla ya kuiwasha, mita ipime kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kila kona ya chasisi, na isome sehemu ndogo tu ya ohm 1.